Mtihani wa Kazi za Serikali: Muislamu Ajiandaeje?

Vijana wawili wa Unyambwa, katika Manispaa ya Singida, wametuletea maswali ambayo tunaona yafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote. Mmoja wao ameingia katika Jumuiya kwa kufanya bai'at hivi karibuni. Mwenzake bado anachunguza. Wote wawili wamemaliza masomo ya chuo na wanaomba kazi serikalini. Wanauliza: Je, yafaa Muislamu kushindania cheo, hali Mtume s.a.w. amekataza kuomba uongozi? Je, mtu anayejiandaa kwa mtihani ategemee vitabu au sala? Na afanyeje ikiwa mtu anamwambia waziwazi kwamba bila kutoa fedha jina lake halitapita? Yule mwongofu ameongeza jambo lililomgusa zaidi: jamaa zake wanamwambia kwamba asipofaulu, sababu itakuwa ni kuiacha dini ya wazazi wake.

Kabla ya kujibu, yafaa tueleze mtihani wenyewe ni kitu gani, maana wengi huuogopa kwa kuwa hawaujui. Katika Tanzania, kazi za utumishi wa umma hutolewa kwa ushindani chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002. Sheria hiyo ilirekebishwa kwa Sheria Na. 18 ya mwaka 2007, na kwa marekebisho hayo ikaundwa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Nafasi hutangazwa, waombaji hupeleka maombi kwa mtandao, na wanaotimiza masharti huitwa kwenye usaili. Kwanza huja usaili wa mchujo, ambao ni mtihani wa kuandika. Kwa kazi nyingine hufuata usaili wa vitendo, kama vile kuendesha gari au kupiga chapa. Na mwisho huja usaili wa mahojiano, ambapo msailiwa hukaa mbele ya jopo na kuulizwa maswali.

Wanaoomba ni wengi kuliko nafasi, wala hakuna faida kulificha jambo hili. Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walikusanyika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wakishindania nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, na waombaji wakazidi 130,000. Yaani kwa kila nafasi moja walisimama watu zaidi ya 80. Msomaji azishike hesabu hizi moyoni, kwani tutazirejea tutakapofika kwenye suala la kushindwa.

Mtihani wa namna hii haukuanza kwetu. Wachina waliwapima watumishi wa dola yao kwa mitihani tangu enzi ya ufalme wa Sui, katika karne za 6 na 7, hadi walipoifuta mwaka 1905. Waingereza, ambao kazi zao za serikali zilikuwa zikigawanywa kwa kujuana na kwa ukoo, waliletewa mwaka 1854 taarifa ya Northcote na Trevelyan iliyopendekeza mitihani ya wazi. Na mwaka uliofuata utumishi wa India ukaanza kuingiwa kwa mtihani huko London. Kusudi lilikuwa kwamba mtoto asipewe kiti kwa sababu ya jina la baba yake. Kwa mtoto wa mkulima wa alizeti na vitunguu hilo si jambo dogo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 22, inampa kila raia fursa na haki sawa ya kushika kazi iliyo chini ya mamlaka ya nchi. Na mtihani, pamoja na ugumu wake, ni njia mojawapo ya kuitimiza ahadi hiyo.

Sasa tuje kwenye swali la kwanza. Ni kweli kwamba katika Sahihi Bukhari imepokewa kutoka kwa Abu Musa r.a. kwamba watu wawili walimwomba Mtume s.a.w. awape madaraka, naye akawajibu kwamba hampi kazi hiyo mtu anayeiomba na kuipupia. Pia alimwonya Abdur-Rahman bin Samura r.a. asiuombe uamiri, kwa kuwa anayepewa kwa kuomba huachiwa mzigo wake peke yake, na anayepewa bila kuomba husaidiwa na Mwenyezi Mungu. Je, Hadithi hizi zinamzuia kijana wa Unyambwa asipeleke maombi ya kazi ya ukarani, uuguzi, au utendaji wa kijiji?

La, hasha! Kwani Qur'an Tukufu inatusimulia, katika Sura Yusuf aya ya 56, kwamba Nabii Yusuf a.s. alimtaka mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, akataja na sifa zake mbili: ya kwamba yeye ni mtunzaji na ni mjuzi. (Sisi twaihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza, msomaji anayetumia msahafu usiohesabu hivyo atazame aya moja nyuma, hapa na mahali pengine katika makala hii.) Nabii wa Mungu hawezi kuwa ametenda lililo baya. Tofauti imo katika kile kinachoombwa. Wale watu wawili walitaka enzi juu ya watu, wala haikutajwa kwamba walikuwa na ujuzi wowote. Nabii Yusuf a.s. aliona njaa inakuja, akajua namna ya kuweka akiba, na akajitolea kufanya kazi aliyoiweza. Basi anayeomba kazi ili atukuzwe yumo katika onyo la Hadithi. Na anayepeleka ujuzi wake mahali unapohitajiwa anafuata nyayo za Nabii. Kila mtu auulize moyo wake yumo kundi gani, maana jopo la usaili haliwezi kuliona jambo hilo.

Tena, kumpima mtu kabla ya kumpa kazi ni mwendo wa Mtume s.a.w. mwenyewe. Tirmidhi amepokea kwamba alipokuwa akiwatuma watu safarini alimtaka kila mmoja asome alichokihifadhi cha Qur'an. Akafika kwa kijana mdogo kuliko wote, akamkuta anaijua Sura Baqara, akamfanya yeye kuwa kiongozi wao. Umri haukutazamwa, wala ukoo. Na alipomtuma Muadh bin Jabal r.a. kwenda Yemen alimwuliza atahukumu kwa nini. Akajibu kwa Kitabu cha Mungu. Akaulizwa, na usipoona humo? akajibu kwa mwendo wa Mtume. Akaulizwa, na usipoona humo? akajibu kwamba atajitahidi kwa maoni yake. Hadithi hii imo katika Abu Dawud na Tirmidhi. Atakayeitazama vizuri ataona kwamba ni usaili wa mahojiano kamili: swali moja, kisha swali lililo gumu zaidi, kisha lililo gumu kuliko hilo, mpaka ijulikane mwisho wa elimu ya mtu na namna anavyofikiri pale elimu inapokwisha. Muadh r.a. hakujifanya anajua kila kitu. Wengi huanguka hapa: wakiulizwa wasilolijua hutunga maneno, na jopo huwatambua mara moja.

Ama kiasi cha sifa zinazotakiwa, Qur'an Tukufu imekieleza kwa kinywa cha binti wa Madyan aliyemshauri baba yake amwajiri Musa a.s., akisema kwamba mwajiriwa bora ni mwenye nguvu na mwaminifu (28:27). Nguvu katika kazi ya kalamu ni ustadi. Mwenye ustadi asiye mwaminifu ni mwizi mwenye elimu. Na mwaminifu asiye na ustadi huwaumiza watu bila kukusudia. Mtume s.a.w. alimpenda sana Abu Dharr r.a., na hakuna aliyetilia shaka uaminifu wake, lakini alimwambia kwamba yeye ni dhaifu kwa kazi ya uongozi na kwamba kazi hiyo ni amana. Kwa hiyo Muislamu asidhani kwamba uchaji wake utahesabiwa badala ya kusoma.

Asome nini? Kwanza lisomwe tangazo lenyewe la kazi, neno kwa neno. Katika kila tangazo yameandikwa majukumu ya kazi, na maswali mengi hutoka humo. Tuchukue mfano wa Mtendaji wa Kijiji, kazi ambayo vijana wengi wa mikoani huiomba. Tangazo husema kwamba yeye ni mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji. Husimamia ulinzi na usalama wa raia na mali zao. Huratibu mipango ya maendeleo. Huwa katibu wa mikutano na kamati za Halmashauri ya Kijiji. Hutunza kumbukumbu na nyaraka. Husikiliza malalamiko na migogoro ya wananchi. Husimamia utungaji wa sheria ndogo. Na huwajibika kwa Mtendaji wa Kata. Mwombaji achukue kila jukumu aligeuze kuwa swali. Mkutano mkuu wa kijiji huitishwaje? Sheria ndogo ya kijiji hupitia hatua zipi kabla ya kutumika? Mfugaji na mkulima wakigombana kwa ajili ya shamba la mtama lililoliwa na ng'ombe, mtendaji aanzie wapi, na wapi mamlaka yake yanakoma? Majibu yamo katika Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, na katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Asiridhike na maelezo ya rafiki aliyekwisha kufanya mtihani mwaka uliopita. Aisome sheria yenyewe.

Kisha kuna mambo yanayomhusu kila mwombaji, awe dereva au mhasibu: Katiba, Sheria ya Utumishi wa Umma na kanuni zake, na Kanuni za Maadili. Kanuni za Maadili za Utumishi wa Umma zina misingi minane: kutoa huduma bora, utii kwa Serikali, bidii ya kazi, kutoa huduma bila upendeleo, kufanya kazi kwa uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, na matumizi sahihi ya taarifa. Vijana huikariri kama shairi wasilolielewa, ili waitaje wakiulizwa. Ndugu mchunguzi, itazame kwa makini, kwani ndani yake hamna hata msingi mmoja ambao Uislamu haukuuamrisha. Utii kwa Serikali tumeuamrishwa katika Sura Nisaa aya ya 60, nayo ni sehemu ya mafundisho ambayo Jumuiya yetu imeyashika katika kila nchi. Kutoa huduma bila upendeleo maana yake ni kwamba Mkristo, Muislamu, na mzee anayefuata mila za Kinyaturu wakisimama mbele ya dirisha lako wahudumiwe kwa zamu yao, na wala ndugu yako wa msikitini asipitishwe mlango wa nyuma. Matumizi sahihi ya taarifa ni amana ya siri. Yule asiyeyaamini maneno haya atayasahau katika chumba cha mahojiano. Na anayeyaishi hahitaji kuyakariri sana.

Tukija kwenye namna ya kusoma, hapa ndipo wengi hupoteza nguvu zao. Mtu huyasoma maandishi yale yale mara tano, macho yakiyazoea maneno, akadhani amejua. Mwalimu wa madrasa hafanyi hivyo. Humwambia mwanafunzi afunge msahafu na asome kwa moyo. Anapokwama ndipo hufungua. Njia hiyo ndiyo inayofaa kwa sheria na kwa hesabu pia: soma ukurasa, funga kitabu, andika unachokumbuka, kisha fungua na ujisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Uchungu wa kukwama ndio unaojenga kumbukumbu.

Jambo la pili ni kurudia. Mtume s.a.w. aliwaonya wenye kuhifadhi Qur'an kwamba hukimbia vifuani upesi kuliko ngamia waliofungwa kamba, basi waiangalie mara kwa mara. Naye mwenyewe, aliyepokea Wahyi, alikuwa akidurusu pamoja na Jibrili a.s. kila Ramadhani, na katika mwaka wake wa mwisho walidurusu mara mbili, kama ilivyo katika Bukhari. Ikiwa Mtume s.a.w. alidurusu, ni nani kati yetu asiyehitaji? Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio ya kukariri na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hutoweka katika saa na siku za mwanzo, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku hushinda kurudia mara nyingi kwa pamoja. Basi somo la leo lirudiwe kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya juma, kisha baada ya mwezi.

Kwa mtu wa Unyambwa kuna suala la wakati. Mvua ni moja kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo jembe halimngojei mtu. Atakayesubiri apate siku nzima ya kusoma hataipata. Lakini sala tano zimekwisha kuigawa siku. Baada ya Alfajiri, kabla ya kwenda shambani, saa moja; baada ya Isha, nusu saa ya kurudia yale ya asubuhi. Saa moja na nusu kwa siku, kwa siku sita za juma, kwa miezi minne, ni saa zaidi ya 150. Na Mtume s.a.w. amefundisha kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, ijapokuwa ndogo. Wanaokesha juma moja kabla ya usaili wanaingia chumbani wakiwa na usingizi.

Lugha nayo isisahauliwe. Kazi nyingi za kitaaluma huulizwa kwa Kiingereza, na kijana anayejua jambo vizuri kwa Kiswahili hubabaika. Dawa yake ni kusema kwa sauti, si kusoma kimya tu. Hao ndugu wawili wakae pamoja, mmoja awe jopo na mwingine msailiwa, kisha wabadilishane. Nabii Musa a.s. alipotumwa kwa Firauni alimwomba Mungu amkunjulie kifua na amfungue fundo la ulimi wake (20:26-29). Hakuona haya kukiri kwamba ulimi wake mzito ulimpa taabu.

Linafuata jambo la vyeti na majina, na hili lawahusu hasa waongofu. Baadhi ya ndugu wanaposilimu hujibadilishia jina siku ile ile, wakaanza kulitumia kila mahali. Baadaye cheti cha kidato cha nne kina jina moja, cheti cha kuzaliwa jina jingine, na kitambulisho cha Taifa jina la tatu, na maombi yanakwama. Ijulikane kwamba Uislamu haumlazimishi mtu kuacha jina lake, isipokuwa jina lenye maana mbaya au ya shirki. Mtume s.a.w. aliyabadili majina ya namna hiyo na kuyaacha mengine mengi kama yalivyokuwa kabla ya Uislamu. Bai'at ni kubadili moyo. Anayetaka hata hivyo kubadili jina afanye kwa njia ya sheria, kwa hati ya kiapo iliyosajiliwa, na aiambatanishe na maombi yake. Vyeti vithibitishwe na wakili. Na hati za matokeo za muda hazikubaliwi.

Wala mtu asithubutu kutumia cheti cha mwenzake au cha kughushi. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwakuta watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Wengine walikuwa wametumikia miaka mingi, wana watoto shuleni na madeni benki.

Na yule anayesema kwamba jina halipiti bila fedha? Tumjibu kwa maneno mafupi, kwa kuwa hukumu yake ni wazi. Qur'an Tukufu imekataza kuwapelekea mahakimu na wakubwa mali ili kula haki za watu (2:189), na Mtume s.a.w. amemlaani mtoa rushwa na mpokea rushwa wote wawili. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya mwaka 2007 inawahesabu wote wawili kuwa wakosaji, na kifungu cha 25 kinamhukumu pia mwenye madaraka anayedai mwili wa mwombaji. Binti zetu walijue hilo. Zaidi ya hayo, mara nyingi mtu huyo ni tapeli tu asiyemjua yeyote ofisini. Huchukua fedha za watu 20, na mmoja akibahatika kufaulu kwa nguvu zake mwenyewe, yeye hudai kwamba ndiye aliyempitisha. Fedha za gunia la vitunguu ni afadhali ziwe nauli.

Anayeanza kazi kwa rushwa ataiendesha kwa rushwa, maana atataka kurudisha alichotoa. Mtume s.a.w. alimtuma mtu mmoja, Ibnul-Lutbiyya, kukusanya zaka. Aliporudi akasema, hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa mimi. Mtume s.a.w. alipanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama ataletewa zawadi. Wanaoomba kazi za mapato waisome Hadithi hii kabla ya kitabu cha kodi.

Kuhusu hirizi na kafara ambazo jamaa humshauri mwombaji azichukue kwa mganga, Muislamu wa kweli hawezi kulala na Tauhidi akaamka na shirki kwa ajili ya mshahara. Awajibu wazee wake kwa adabu, asiwatukane, lakini asizivae. Sala zake ziko. Yupo Mola aliyemfundisha Mtume wake kuomba azidishiwe elimu (20:115), naye anaisikia sala ya mkulima. Ipo na sala ya Istikhara, rakaa mbili kisha dua, ambayo Mtume s.a.w. aliwafundisha masahaba kama alivyowafundisha sura za Qur'an. Watu huikosea kwa kuifanya baada ya kusaili, wakitaka kuota matokeo. Mahali pake ni kabla ya kuamua: niombe kazi hii au ile, niende au nisiende. Wala sala haichukui mahali pa kitabu. Bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake na kumtegemea Mungu aliambiwa amfunge kwanza, ndipo ategemee.

Safari nayo ina hukumu zake. Anayetoka Singida kwenda Dodoma kwa usaili hujilipia nauli, chakula na malazi, kama matangazo yanavyosema. Basi aanze kuweka akiba siku anayopeleka maombi, na afike siku moja kabla. Achukue vyeti halisi na kitambulisho, wala asitegemee nakala. Akiwa msafiri atafupisha sala za rakaa nne kuwa mbili. Ikiwa ni Ramadhani, asifunge safarini kwa kudhani kwamba kujitesa kutamwongezea maksi. Mwenyezi Mungu amempa msafiri ruhusa ya kulipa siku nyingine (2:186), na Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, amefundisha kwamba kuikataa ruhusa ya Mungu si uchaji bali ni kuvunja amri. Katika miaka ya karibuni usaili wa mchujo umeanza pia kufanywa kwa kompyuta. Asiyeizoea ajizoeze mapema.

Sasa tuzirejee zile hesabu. Ikiwa wanaogombea nafasi moja ni watu 80, basi 79 watarudi nyumbani, na miongoni mwao watakuwamo waliosoma vizuri, waliosali, na wasiotoa rushwa. Jamaa wanaosema kwamba mwongofu ameshindwa kwa sababu ya dini yake waulizwe: na wale 78 wengine, Wakristo, Waislamu na wasio na dini, wameshindwa kwa sababu ya dini gani? Mungu hakuahidi kwamba kila amchaye atapata kazi aliyoitaka. Aliahidi kumpa njia ya kutokea na riziki kutoka asikotazamia (65:3-4), na mara nyingi njia hiyo haina sura ya ile tuliyoiomba.

Mfano wake tunao katika Profesa Abdus Salam, Muahmadiyya aliyezaliwa mwaka 1926 na kukulia Jhang, mji mdogo wa Punjab. Akiwa na umri wa miaka 14 alipata maksi zilizokuwa hazijawahi kupatikana katika mtihani wa kuingilia Chuo Kikuu cha Punjab. Baba yake alitaka aingie katika utumishi wa serikali ya India, ambao ndio uliokuwa upeo wa heshima kwa kijana wa wakati ule. Lakini kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili mitihani ya utumishi huo ilisimamishwa, na mlango ukafungwa bila kosa lake. Mwaka 1946 akapata msaada wa masomo akaenda Cambridge. Na mwaka 1979 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg, akazisoma aya za Sura Mulk (67:4-5) katika karamu ya tuzo hiyo huko Stockholm. Hatusemi kwamba kila aliyekosa kazi ya ukarani atapata Nobel. Tunasema tu kwamba baba yake alimwombea jambo dogo kuliko alilopewa. Wala isidhaniwe kwamba tunaidharau kazi ya serikali: Sheikh Kaluta Amri Abedi, mbashiri wa Jumuiya yetu, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam mwaka 1960, kisha akawa Waziri wa Sheria, na akafariki mwaka 1964 akiwa bado Waziri.

Imebaki kutaja jambo moja ambalo wengi hawalijui, na kwa kutolijua hupoteza haki yao. Aliyefaulu usaili wa mahojiano lakini nafasi zikawa zimejaa haachwi moja kwa moja. Jina lake huwekwa katika kanzidata, na nafasi inayofanana ikipatikana katika muda uliowekwa anaweza kupangiwa bila kusailiwa upya. Kwa hiyo asibadili namba ya simu aliyoiandika katika maombi, asiisahau nywila ya akaunti yake, na awe akiitazama hata baada ya miezi kupita. Madaftari yake ya kudurusia asiyachome wala asiyafungie vitumbua. Ampe mwenzake wa Unyambwa anayeomba mwaka ujao, pamoja na yale masahihisho ya kalamu nyekundu.